Tumshike Mwenye Mtambo, Tusimzibe Mwananchi Mdomo

Tarehe 7 Juni 2025 maafisa wa polisi walifika katika boma la wazazi wa Albert Ojwang, kaunti ya Homa Bay, wakamchukua. Alikuwa mwalimu mwenye umri wa miaka 31, na kosa alilodaiwa kutenda lilikuwa la maneno: kwamba alichapisha katika mtandao wa X habari za uongo kumhusu Naibu Inspekta Mkuu wa Polisi. Hakufikishwa mbele ya hakimu wa Homa Bay, wala wa Kisumu. Alisafirishwa mamia ya kilomita hadi Nairobi na kutiwa katika seli ya Kituo Kikuu cha Polisi. Siku ya pili alikuwa maiti. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na majeraha mengine mwilini, ukapinga kauli hiyo. Mwezi huohuo watu sita, wakiwamo maafisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji, nao wakakana shtaka.

Mengi yamesemwa juu ya seli ile, na ni haki yasemwe. Nataka kuuliza swali jingine, la kisheria, ambalo limesahauliwa katika majonzi. Kampuni iliyoyabeba maneno hayo, ikayatawanya kwa umma na kuvuna faida kutokana na macho ya waliosoma, ilikuwa wapi katika mkasa huo? Kama maneno yalikuwa ya uongo, kwa nini aliyekashifiwa hakuiandikia kampuni ilani, au kwenda mahakamani kudai fidia na amri ya kuyaondoa, kama ambavyo raia mwingine yeyote angeelekezwa na wakili wake? Jibu ni kwamba sheria yetu imepinda. Mkono wake ni mzito kwa aliyeandika na mwepesi kwa anayemiliki mtambo. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 kiliweka adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili, kwa mwananchi anayechapisha habari za uongo. Kampuni ya ng'ambo, yenye mapato yanayozidi bajeti za nchi nyingi, ikawekewa katika sheria hiyohiyo ngao.

Hoja yangu ni hii: majukwaa ya mitandao ya kijamii yabebe dhima ya kisheria kwa yale yanayoyatenda yenyewe, na dhima hiyo ipimwe na jaji. Isipimwe na polisi, wala waziri, wala kamati. Tukikosa sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo, makampuni yataendelea kufaidi damu yetu. Tukikosa sehemu ya pili, tutakuwa tumeurudisha utawala wa chama kimoja kupitia mlango wa nyuma.

Wapenda mageuzi hawapaswi kuisahau historia ya mpiga chapa. Katika miaka ya 1940 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake wa Luo Thrift and Trading Corporation walianzisha Ramogi Press kwa sababu walitambua kwamba asiye na mtambo hana sauti. Serikali ya kikoloni ilitambua hivyo pia, na hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 magazeti mengi ya Waafrika yalipigwa marufuku. Tulipopata uhuru, warithi wa mkoloni waliirithi mbinu hiyo. Gazeti la Beyond lilipigwa marufuku mwaka 1988 baada ya kufichua wizi wa kura katika uchaguzi wa mlolongo. Nairobi Law Monthly, lililohaririwa na wakili Gitobu Imanyara, lilipigwa marufuku mwaka 1990 baada ya kufungua kurasa zake kwa mjadala wa vyama vingi. Mwaka 1993, wakati vyama vingi vilikwisha ruhusiwa, polisi walikivamia kiwanda cha uchapaji cha Fotoform jijini Nairobi, kilichochapa magazeti yaliyoikosoa serikali, na kuifanya mitambo yake isiweze kufanya kazi. Na mwaka 2002 Bunge lilipandisha dhamana anayopaswa kuweka mchapishaji kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi milioni 1, na kumwekea mchuuzi wa barabarani adhabu kwa kuuza gazeti ambalo halikutimiza masharti hayo.

Tazama jinsi mbinu hiyo inavyofanya kazi. Mpiga chapa si mwanasiasa. Ana mtambo alioununua kwa mkopo na wafanyakazi wanaomtegemea. Akiambiwa kwamba gazeti moja lenye utata linaweza kumpotezea mtambo mzima, hatasubiri mahakama iamue kama gazeti hilo ni halali, atalikataa tu. Mchuuzi wa pale Oginga Odinga Street naye, akijua kwamba nakala moja inaweza kumpeleka jela, ataificha chini ya nyingine au hataichukua kabisa. Serikali haikuhitaji kuajiri mdhibiti wa magazeti. Ilimgeuza kila mpiga chapa na kila mchuuzi kuwa mdhibiti bila mshahara. Yeyote anayependekeza leo kwamba majukwaa yawajibike kwa kila neno la kila mtumiaji, tangu dakika linapoandikwa, anapendekeza jambo hilohilo kwa kiwango kikubwa zaidi.

Lakini tusijidanganye kwamba tiba ni kuyaacha makampuni yafanye yapendavyo. Nchi hii imeona maneno yakiua. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Tume ya Jaji Waki ilisema ziliua watu 1,133, jumbe za chuki zilipitishwa kwa simu kutoka mkono hadi mkono, na baadhi ya vituo vya redio vilitajwa katika lawama. Jirani zetu wa Rwanda walilipa gharama kubwa zaidi, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani watu waliokuwa nyuma ya redio na gazeti la chuki. Kwa hiyo kanuni kwamba mwenye chombo anaweza kujibu kwa yale yanayopitia chomboni mwake si ngeni katika Afrika Mashariki. Swali ni lini, na kwa kipimo gani.

Napendekeza tutofautishe vitendo vitatu: kubeba, kujua, na kusukuma.

Kubeba ni kazi ya posta. Kampuni inapopokea maneno ya mamilioni ya watu na kuyahifadhi bila kuyasoma, haina hatia kwa uovu uliomo, kama vile mwenye matatu ya Kisumu kwenda Busia asivyo na hatia kwa barua ya matusi iliyo ndani ya begi la abiria. Hapa ngao inafaa, nasi tuitetee.

Kujua ni jambo jingine. Mwaka 1937 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Byrne dhidi ya Deane, iliyohusu shairi lililobandikwa katika ukuta wa klabu ya gofu. Shairi lenyewe halikuonekana kuwa kashfa, lakini majaji walikubali kanuni iliyodumu: mwenye ukuta, akiliona bango na akawa na uwezo wa kulibandua, kisha akaliacha, anaweza kuhesabiwa kuwa amelichapisha yeye. Mwananchi yeyote wa Kondele angefikia uamuzi huo bila kusoma sheria. Hata hivyo kifungu cha 56 cha sheria yetu ya 2018 kinasema kwamba mtoa huduma hatakuwa na dhima ila ithibitishwe kwamba alipewa taarifa, au alijua, au alikusudia uovu, na kwamba alisaidia kosa hilo si kwa kutotenda tu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango wa kutorokea. Kampuni inaweza kuarifiwa mara kumi, ikanyamaza mara kumi, kisha ikafika mahakamani na kusema kwamba ilichofanya ni kutotenda tu.

Linganisha na Sheria ya Hakimiliki ilivyorekebishwa mwaka 2019. Msanii wa benga ambaye wimbo wake umeibwa na kuwekwa mtandaoni anaweza kumpelekea mtoa huduma ilani, na mtoa huduma akawekewa saa 48 za kazi kuchukua hatua. Ni jambo jema. Lakini mwanamke wa Nyalenda ambaye picha zake za faragha zimetawanywa na mpenzi wa zamani hakupewa na sheria ya 2018 ilani ya namna hiyo dhidi ya kampuni. Aliambiwa kwamba aliyezitawanya anaweza kufungwa hadi miaka 2 au kutozwa faini ya hadi shilingi 200,000, baada ya upelelezi na kesi, huku picha zikiendelea kuonekana na shangazi zake, wanafunzi wake na wateja wake sokoni Kibuye. Nchi inayoulinda wimbo kwa saa na utu kwa miaka imekosea mizani.

Kusukuma ndilo jambo kubwa zaidi, na ndilo linalomtofautisha mwenye jukwaa na mpiga chapa wa zamani. Mpiga chapa alisubiri mteja alete kazi. Jukwaa la leo lina programu inayochagua nani aone nini, inayojifunza ni maneno gani yanayotia watu hasira na kuwafanya wabaki kwenye simu, na inayouza matangazo kando ya hasira hiyo. Mwezi Julai 2022, siku chache kabla ya uchaguzi wetu mkuu, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliipelekea Facebook matangazo ya kulipiwa yenye kauli za chuki za kikabila, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili kuijaribu. Facebook iliyaidhinisha, na wachunguzi wakayaondoa wenyewe kabla hayajatangazwa. Hapo kampuni haikubeba tu mzigo wa mwingine. Ilikubali kupokea fedha ili iupeleke. Gazeti lolote la Kenya lingefanya hivyo, mhariri wake angesimama kizimbani.

Na ni nini serikali ilichoweza kufanya? Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliipa Facebook siku 7 kujirekebisha au isimamishwe nchini. Mawaziri wakajitokeza upesi kusema hakuna mtandao utakaofungwa. Hivyo mwananchi akaachwa kati ya njia mbili, kufunga kila kitu au kutofanya lolote, kwa sababu hatukuwa na sheria ya katikati.

Katika utupu huo, mahakama zetu ndizo zimethubutu. Mwezi Desemba 2022 kesi ilifunguliwa katika Mahakama Kuu ya Nairobi dhidi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Mmoja wa walalamikaji ni Abrham Meareg, raia wa Ethiopia. Baba yake, Profesa Meareg Amare wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, aliuawa tarehe 3 Novemba 2021 baada ya maneno ya kumchochea watu kutawanywa kwenye Facebook. Mwanawe anasema aliiarifu kampuni, na maneno hayo hayakuondolewa kwa wakati. Kesi ililetwa Nairobi kwa sababu hapa ndipo walipokuwa wafanyakazi waliochuja machapisho ya ukanda huu. Kampuni ilisema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Tarehe 3 Aprili 2025 Mahakama Kuu ilikataa hoja hiyo. Kabla ya hapo, mwezi Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekataa hoja kama hiyo katika kesi za wachujaji hao waliolalamikia hali ya kazi na kuachishwa. Maamuzi hayo hayakusema kwamba kampuni ina hatia. Yalisema kwamba inaweza kuulizwa. Kwa watu ambao wamezoea kuambiwa kwamba mkubwa haulizwi, hilo si dogo. Ibara ya 20 ya Katiba yetu inasema Sheria ya Haki inawafunga watu wote, si vyombo vya serikali pekee, na kampuni ni mtu mbele ya sheria.

Serikali, kwa upande wake, imechagua njia nyingine. Tarehe 15 Oktoba 2025, siku ileile ambayo habari za kifo cha Raila Amolo Odinga ziliifikia Kisumu na mji mzima ukalia, Rais alitia saini marekebisho ya sheria ya 2018. Ndani yake kamati ya kitaifa ya masuala ya uhalifu wa kompyuta, ambayo kwa sheria ya 2018 mwenyekiti wake ni Katibu wa Wizara anayehusika na usalama wa ndani, na ambayo Inspekta Mkuu wa Polisi na mkuu wa ujasusi ni wanachama wake, ilipewa uwezo wa kuagiza tovuti au programu isifikiwe na umma ikithibitika kwamba inaendeleza mambo haramu. Ithibitike mbele ya nani? Hakuna jaji katika kamati hiyo. Tarehe 22 Oktoba 2025 Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda baadhi ya vipengele vya marekebisho hayo, vile vya unyanyasaji wa mtandaoni vyenye adhabu ya hadi shilingi milioni 20. Lakini fikra iliyozaa uwezo wa kamati bado imo vichwani mwa watawala.

Fikra hiyo inakoelekea tunaweza kuiona kwa majirani. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu. Tanzania ilimshtaki Maxence Melo wa Jamii Forums mwezi Desemba 2016 kwa kukataa kuwatoa watumiaji waliofichua maovu, na mwezi Aprili 2020 mahakama ikamtia hatiani kwa kuzuia upelelezi na kumtoza faini. Katika mifano yote miwili aliyeguswa hakuwa mchochezi. Aliyeguswa alikuwa mwananchi anayehoji.

Nasi wa Kisumu tuna sababu zetu za kuogopa ufutaji unaoamriwa na polisi. Januari 2008 kamera ya televisheni ilimwonyesha askari akimpiga risasi mwandamanaji katika mji huu. Picha hiyo ndiyo iliyomfikisha askari kizimbani, ingawa aliachiliwa mwaka 2010. Agosti 2017 mtoto Samantha Pendo, wa miezi 6, alipigwa nyumbani kwao Nyalenda katika msako wa polisi na akafariki. Mwaka 2019 mahakama ya Kisumu iliona kwamba polisi walihusika. Siku kama hizo simu ya mwananchi ni shahidi. Kama polisi wangekuwa na uwezo wa kuiamuru kampuni ifute picha kwa kisingizio cha uchochezi, ushahidi ungefutwa kabla damu haijakauka.

Basi sheria iweje? Napendekeza mambo matano.

Kwanza, kifungu cha 56 kirekebishwe ili kampuni iliyopewa ilani ya maandishi, inayotaja chapisho na madhara yake, isiweze kujificha nyuma ya kutotenda. Kwa picha za faragha, unyanyasaji wa watoto, na vitisho vya kuua mtu aliyetajwa, muda uwe mfupi, usizidi saa 24. Kwa kashfa, siasa na ukosoaji wa viongozi, kampuni isilazimike kuondoa neno bila amri ya mahakama. Mahakama ya juu ya India ilishika msimamo wa namna hiyo mwaka 2015, iliposema kwamba kampuni huhesabiwa kuwa imejua pale inapopata amri ya mahakama au arifa rasmi ya serikali. Sisi tuishie kwenye mahakama.

Pili, kwa tangazo la kulipiwa, kampuni iwajibike kama gazeti linavyowajibika. Aliyepokea fedha asiseme hakusoma.

Tatu, hakuna chapisho wala tovuti itakayofungwa kwa agizo la waziri, polisi au kamati. Anayetaka kufunga aende mbele ya jaji, na aliyeandika apewe taarifa na nafasi ya kusikilizwa, kama zinavyotaka Ibara za 47 na 50.

Nne, kila jukwaa kubwa liwe na anwani nchini ya kupokelea hati za mahakama, na wachujaji wanaojua lugha tunazoandikia. Kauli ya chuki kwa Dholuo, Kikuyu au Kikalenjin haiwezi kupimwa na asiyejua mafumbo yake. Na wachujaji hao walipwe na kutunzwa kama binadamu.

Tano, uongo juu ya jina la mtu uwe jambo la kesi ya madai, si la pingu. Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano mwezi Aprili 2016 katika kesi ya Andare kwa sababu kilikuwa na maneno mapana mno, na mwezi Februari 2017 katika kesi ya Okuta ikasema kashfa haistahili kuwa jinai. Anayeshtakiwa kwa maneno ashtakiwe mahali anapoishi: mtu wa Homa Bay, mahakama ya Homa Bay.

Nitaulizwa: je, makampuni hayatakimbia? Umoja wa Ulaya umeanza kutekeleza kikamilifu tangu Februari 2024 sheria inayoweza kuyatoza hadi asilimia 6 ya mapato yao ya mwaka duniani kote, nayo hayajahama. Nitaulizwa pia: je, msimamizi wa kikundi cha WhatsApp naye atafungwa? Swali hili ni la haki, kwa sababu miongozo iliyotolewa mwaka 2017 na Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na Tume ya Uwiano iliwabebesha wasimamizi wa majukwaa wajibu wa kudhibiti mijadala, bila kumtofautisha mdogo na mkubwa vya kutosha. Katibu wa kikundi cha wavuvi wa Dunga, anayeandika bei ya mbuta na zamu za mashua, hana programu inayosukuma chuki wala hauzi matangazo. Sheria imwache. Mzigo umfuate mwenye uwezo na mwenye faida.

Tunaelekea uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Wagombea wa ubunge watapita Nyando, Seme, Rarieda, Suba na Homa Bay mjini, wakitoa ahadi za barabara na maji. Ndugu msomaji, muulize kila mmoja wao swali hili moja mbele ya umati: utapiga kura gani Bungeni siku kifungu cha 56 kitakapoletwa, na utamkabidhi nani kalamu ya kufuta maneno yetu, jaji au polisi? Asiyeweza kujibu hajajiandaa kuwa mbunge. Na anayejibu "polisi" mkumbushe safari ya kutoka Homa Bay hadi Nairobi, na mzee aliyempokea mwanawe ndani ya jeneza.